Uti wa mgongo wa familia moja ya Busia: nani anahitaji mikono, nani anahitaji hospitali, nani anahitaji jerikeni ndogo

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Busia upande wa Uganda. Mume wangu anaendesha bodaboda. Kiuno kinamuuma, huu ni mwezi wa nne, na maumivu yanashuka mguu wa kulia mpaka chini ya goti. Mimi nauza chapati na maji tunateka kisimani. Jioni mabega na kiuno vimekaza. Binti yetu yuko praimari ya tano, analalamika begi linamuumiza shingo. Mdogo wake wa miaka sita bado anakojoa kitandani. Mama mkwe wangu, miaka 68, anaumwa mgongo wa katikati, usiku ndio zaidi, na amekonda. Hapa mtaani amekuja mtu anayenyoosha uti wa mgongo. Akikubonyeza mgongo unalia, na watu wanasema wanapata nafuu. Anasema uti ukikaa sawa hata kukojoa kitandani na pumu vinaisha, ila twende familia nzima kila wiki, shilingi 20,000 kwa kila kichwa. Niwapeleke?

Jibu: Dada yangu, usiwapeleke wote. Kati yenu watano, mmoja anaweza kufaidika na mikono ya mtaalamu, watatu wanahitaji kubadilisha namna ya kufanya mambo nyumbani, na mmoja asibonyezwe wala kunyooshwa mgongo na mtu yeyote mpaka apimwe hospitali. Nianze na huyo, maana hawezi kusubiri.

Maumivu ya kawaida ya mgongo hufuata kazi. Ukiinama yanazidi, ukilala yanapoa. Ya mama mkwe wako hayafuati kazi. Yanamzidi usiku akiwa amepumzika, na mwili unapungua. Maumivu ya namna hiyo yana kitu chini yake, na kwa nchi yetu cha kwanza kufikiriwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wengi tunajua TB ya mapafu, lakini vijidudu vyake husafiri kwa damu vikaenda kukaa kwenye pingili, yaani mifupa midogo inayounda uti wa mgongo, mara nyingi za katikati na za chini. Huko hula mfupa upande wa mbele, polepole, mpaka pingili inabonyea na kibyongo kinaanza kujitokeza. Mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja. Ukimkandamiza kwa nguvu mtu ambaye pingili zake zimeliwa, unaweza kuzivunja na kubana ugwe wa fahamu unaopita ndani yake, na aliyekuja kwa miguu yake akarudi amebebwa.

Hata isipokuwa TB, mifupa ya mwanamke huanza kupungua nguvu haraka baada ya hedhi kukoma. Kwa umri wake pingili inaweza kuvunjika kwa kuinua sufuria ya maji ya kuoga tu. Saratani nayo hukimbilia mifupa ya mgongo. Na kama nyumbani mnakunywa maziwa yasiyochemshwa, kuna ugonjwa wa bruselosi unaoleta homa za kupanda na kushuka pamoja na mgongo kuuma. Yote haya yanapimika.

Mpelekeni hospitali ya Masafu wiki hii. Kabla ya kwenda, pitisha ngumi laini juu ya uti wake, ukigonga pole kwa pole kutoka shingoni kwenda chini. Kama kuna pingili moja inayomfanya aruke, au kuna kijinundu, mwonyeshe daktari mahali penyewe. Mweleze kwamba maumivu yanamwamsha usiku, ameanza kukonda lini, nguo zinamlegea kiasi gani, kama anatoka jasho la usiku au ana homa. Ukisema "mgongo unamuuma" peke yake atapewa panadol na kurudishwa nyumbani. Ukisema hayo mengine atapigwa picha ya eksirei na kupimwa TB. Dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali. Ikiwa ni ya mifupa, humezwa hadi miezi 12, na mgongo uliowahiwa mapema hupona.

Sasa huyo mtu wa mtaani na maneno yake. Hajayatunga yeye. Kazi hii ya kutibu kwa kunyoosha uti, inayoitwa kairopraktiki, ilianza mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa huko Marekani, kwa mtu aliyeitwa D. D. Palmer. Yeye aliamini kwamba pingili zikiteguka kidogo zinabana mishipa ya fahamu, na kwamba karibu kila ugonjwa wa mwanadamu hutokana na hapo. Ndiyo maana mpaka leo utasikia pumu, masikio na kukojoa kitandani vikitajwa katika pumzi moja na kiuno. Utafiti wa miaka yote iliyofuata umeacha sehemu ndogo tu ya imani hiyo ikiwa imesimama: mikono inasaidia kiasi maumivu ya kiuno, ya shingo, na aina fulani za kuumwa kichwa. Kwa pumu haijaonyeshwa kusaidia. Mwenye pumu asiache pampu yake kwa sababu mgongo umelia.

Na mlio wenyewe si mfupa unaorudi mahali pake. Viungo vidogo vinavyounganisha pingili vina ute ndani. Viungo hivyo vikivutwa ghafla, shinikizo la ute linashuka na povu la hewa linajitokeza. Hilo ndilo unalolisikia, sawasawa na kuvunja vidole. Jaribu kuvunja kidole hichohicho tena papo hapo, hakilii, kwa sababu povu halijayeyuka. Nafuu anayoipata mtu ni ya kweli: misuli iliyokaza inalegea na ubongo unapunguza kelele ya maumivu. Ila hudumu saa kadhaa au siku chache, na kazi yake ni kumpa mgonjwa nafasi ya kutembea na kufanya mazoezi. Akirudi kuinama vilevile, Ijumaa atakuwa pale alipokuwa Jumatatu.

Mume wako ndiye ninayemfikiria kwa mikono, lakini hatua kwa hatua. Maumivu yanayovuka goti kwenda chini kwa kawaida ni ya neva, yaani mshipa wa fahamu, iliyobanwa au kuchokozwa kiunoni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa mto mdogo wenye ganda gumu nje na ute mzito ndani. Ganda likichoka kwa nyuma, ute unasukuma na kuigusa neva inayoshuka mguuni. Leo jioni mwambie avue viatu, atembee hatua kumi kwa visigino, kisha hatua kumi kwa ncha za vidole. Kama kwenye visigino wayo wa kulia unadondoka, au kwenye vidole kisigino cha kulia kinashindwa kupanda, neva imeanza kupoteza nguvu na anahitaji daktari wiki hii, si mnyooshaji. Zaidi ya hapo kuna hali ya dharura ambayo nyote wawili muijue: ganzi kati ya mapaja, pale anapokalia kiti cha pikipiki, kushindwa kukojoa au kujikojolea bila kujua, haja kubwa kutoka yenyewe, miguu yote miwili kulegea. Hiyo ni safari ya usiku uleule, hospitali ya Tororo au moja kwa moja Mbale, kwa sababu neva za kibofu zikibanwa siku mbili zinaweza zisirudi tena.

Kama anatembea vizuri kwa visigino na vidole, basi aanze na hili. Alale kifudifudi kwenye mkeka dakika mbili. Kisha ajiinue kwa viwiko, dakika mbili nyingine, tumbo likiwa limelegea. Kisha aweke viganja chini usawa wa mabega, anyooshe mikono taratibu huku nyonga zikibaki zimegusa mkeka, ashuke, mara kumi. Arudie mara nne au tano kwa siku. Sasa sikiliza hapa vizuri, maana watu wengi huacha zoezi linalowafaa na kushikilia lisilowafaa: angalieni maumivu yanahamia wapi. Yakitoka kwenye shavu la mguu yakapanda pajani, kisha kwenye tako, kisha yakabaki kiunoni, yuko njiani kupona hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa siku mbili tatu. Yakishuka kuelekea kwenye wayo, aache zoezi hilo mara moja.

Asilale kitandani mchana kutwa. Siku moja au mbili za kupumzika zinatosha, kisha atembee, dakika kumi asubuhi na jioni akipandisha mpaka thelathini. Ibuprofeni anaweza kumeza siku chache baada ya chakula ikiwa hana vidonda vya tumbo, figo zake ni nzima na presha haiko juu. Mikanda ya kiuno inayouzwa sokoni na ambayo madereva wengi wanaivaa haina faida inayotafutwa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Limeshauri mazoezi, elimu, kukandwa na kunyooshwa uti kama sehemu ya matibabu, na limeshauri mikanda hiyo isitumike kama tiba ya kawaida.

Pikipiki yenyewe inatibika. Upepo wa magurudumu ukizidi, kila shimo linafika kiunoni likiwa zima. Afuate kipimo cha kiwanda, si mazoea ya stendi. Shokapu zinazovuja mafuta zimeshakufa, azibadilishe kabla ya kulipia mgongo. Simu na pochi vitoke mfuko wa nyuma, kwa sababu vinainua tako moja na kuukalisha uti upande siku nzima. Kwenye tuta na shimo asimame kidogo juu ya vikanyagio, magoti yamekunjika, magoti yabebe mshtuko. Na kila akimshusha abiria ashuke na yeye, aweke mikono kiunoni, ajipinde nyuma mara tano. Ni sekunde ishirini.

Sasa jerikeni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kiuno cha nyumba nyingi za Uganda kinaharibikia kisimani. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ina kama kilo 21. Lakini mgongo haubebi kilo 21. Misuli inayokushikilia wima iko kama sentimita 5 nyuma ya katikati ya diski, na jerikeni iko mbele yako. Ukiinama ukaivuta ikiwa sentimita 40 mbele ya kiuno, misuli inapaswa kuvuta mara nane ya uzito wake ili usianguke mbele: kama kilo 168. Isogeze mpaka ikuguse miguu, ibaki sentimita 15, na mvuto huo unashuka hadi kilo 63. Maji ni yaleyale na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni umbali. Kwa hiyo ipanue miguu, jerikeni ikae katikati ya nyayo, kunja magoti na nyonga kama mtu anayetaka kukalia kigoda, ivute mwilini ndipo uinuke. Usijipinde na kugeuka kwa wakati mmoja. Inuka kwanza, kisha geuza nyayo.

Kama mnabeba kichwani, usiitoe chini ukaipandisha kichwani kwa mkupuo mmoja. Chini hadi pajani, pajani hadi juu ya ukuta wa kisima au jiwe, kisha mwenzako akusaidie kuiweka. Ngata, ile ambayo Waganda wanaiita enkata, iwe nene na bapa ili mzigo usicheze, kwa sababu shingo huumia pia kwa kuuzuia mzigo usiyumbe. Shingo inayouma au mikono inayopata ganzi isibebe kichwani kabisa. Jerikeni mbili za lita 10, moja kila mkono, zinaleta maji yaleyale na mgongo unabaki katikati. Watoto wapewe za lita 5.

Na saa ya kwenda ni muhimu. Usiku diski hunywa maji zikavimba. Ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kuliko jioni kwa kama sentimita moja. Diski iliyovimba haipendi kuinamishwa. Wewe unaamka saa kumi na moja, unakamata jerikeni, unarudi unainamia unga. Mume akiamka anainamia pikipiki kuiosha. Nusu saa ya kwanza hadi saa nzima baada ya kuamka iwe ya kazi za kusimama na kutembea: washa moto, waandae watoto. Kuteka, kulima na kufua vifuate.

Kwako wewe mwenyewe dawa ni kimo cha meza. Simama, kunja kiwiko, pima kutoka sakafuni mpaka kiwikoni, toa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo kibao cha kusukumia chapati kinapotakiwa kuwa. Wauzaji wengi wanasukumia kwenye meza ya chini halafu wanainamia sigiri iliyo chini zaidi. Inua sigiri kwa matofali yaliyojengwa imara mpaka kikaango kiwe usawa wa kiuno. Unga ukande mikono ikiwa imenyooka, uzito wa mwili ndio ufanye kazi badala ya mabega. Weka tofali moja chini ya meza, upumzishe mguu mmoja juu yake, badilisha kila baada ya dakika kumi hivi. Nguo zifuliwe beseni likiwa juu ya benchi. Kama hakuna benchi, piga goti moja chini badala ya kuinama miguu imenyooka. Wanawake wengi wa mashariki ya Uganda tayari wanajua kupiga magoti, basi goti hilo lifanye kazi hata kwenye beseni.

Binti yako, kabla ya yote, apimwe uzito pamoja na begi. Mizani ya muuza nyama inatosha kwa begi. Likae karibu na asilimia 10 ya uzito wake, lisivuke 15: mtoto wa kilo 30 abebe kilo 3, na kilo 4 na nusu iwe mwisho kabisa. Fungua uone kilichomo. Mara nyingi utakuta madaftari ya wiki nzima kwa sababu ratiba haifuatwi, na chupa ya maji ya lita moja, ambayo peke yake ni kilo nzima. Vitabu vizito vikae upande unaogusa mgongo, mikanda yote miwili mabegani, na ikazwe mpaka kitako cha begi kifike kiunoni. Likining'inia kwenye makalio linamvuta nyuma naye anatoa shingo mbele kama kobe, hapo ndipo panapouma. Wiki mbili za begi jepesi zikipita na shingo bado inauma, au anaumwa mifupa na homa, au anaamka usiku analia, mpeleke hospitali. Selimundu (sickle cell) ni ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea Uganda na maumivu yake huanzia kwenye mifupa, kwa hiyo apimwe kama hajawahi kupimwa.

Shingo yake isizungushwe kwa kasi. Mishipa miwili ya damu inapita ndani ya matundu ya pingili za shingo kwenda kwenye ubongo, na kuigeuza shingo kwa ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa hiyo na kupata kiharusi. Ni jambo nadra. Lakini huwezi kukubali hatari ya namna hiyo, hata ndogo, kwa maumivu yanayoondoka kwa kupunguza madaftari. Wala msimwombee sindano ya tako kliniki kwa maumivu ya kawaida. Ikichomwa vibaya huharibu neva ya mguu, na Uganda ina watoto wengi wanaochechemea kwa sababu hiyo.

Mdogo wake ni mzima mpaka mtakapoona vinginevyo. Kukojoa kitandani akiwa na miaka sita bado ni sehemu ya kukua. Wengi huacha wenyewe. Hapo ndipo mnyooshaji anapopatia sifa: analipwa kila wiki kwa kitu ambacho umri ulikuwa unakiondoa. Maji ayanywe kwa wingi mchana, chai ya usiku ipungue, akojoe kabla ya kulala, na msimpige. Angalieni choo chake, maana utumbo uliojaa haja ngumu hukandamiza kibofu. Akipata choo laini kila siku kitanda huanza kukauka. Kama alikuwa ameshaacha kwa miezi kisha akaanza tena, ana kiu isiyoisha, anakonda au anaumwa akikojoa, mkojo wake upimwe sukari na maambukizi siku hiyohiyo.

Ukipiga hesabu, watano kwa 20,000 ni shilingi 100,000 kwa wiki. Fedha hizo kwa mwezi mmoja zinatoa nauli ya Mbale, ambako hospitali ya rufaa ina wataalamu wa viungo, pamoja na shokapu na jerikeni ndogo. Wanaofanya kairopraktiki kwa masomo kamili ni wachache Uganda na wengi wako Kampala, kwa hiyo kwa mume wako mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, anayejua kazi ya mikono anatosha. Yeyote mtakayemwendea, mwombeni cheti na leseni ya mwaka huu kabla hajamgusa. WHO mwaka 2005 iliweka kiwango cha chini cha masomo ya kairopraktiki: miaka minne ya kutwa, saa zisizopungua 4,200. Aliyejifunza kwa kutazama video za simu hana hata robo ya hayo.

Mtaalamu wa kweli atamuuliza mume wako maswali kwa dakika nyingi, atamgonga magoti kwa nyundo, atamwinua mguu akiwa amelala chali, ndipo aweke mikono. Atawaambia atamwona mara ngapi na ataacha lini. Kadirio linalofaa ni mara nne hadi sita ndani ya wiki tatu au nne. Ikifika ya sita na maumivu hayajapanda kutoka mguuni wala hayajapungua, njia hiyo imekwisha na arudishwe kwa daktari kwa vipimo. Mume wako aandike kila jioni kwenye daftari maumivu yamefika wapi mguuni na ametembea dakika ngapi, aende nalo kila safari.